Kwa vijana wa Tanga mnaoulilia mji msiouona

Wajukuu zangu, salamu.

Picha mnazopitishiana nimeziona: maduka ya mjini, vibao vyenye rangi mbichi, barabara tupu bila hata bodaboda moja. Chini yake mnaandika, "Tanga ilikuwa Ulaya." Haikuwa Ulaya. Ilikuwa Tanga, tena Tanga ya mkonge, na asiyeujua mkonge hatajua maduka yale yalifunguliwa kwa nini wala yalifungwa kwa nini.

Mwisho wa mwezi manamba, vibarua wa mkonge, walishuka kutoka mashambani na mshahara mfukoni, mji usilale. Mafundi cherehani barazani hawainui vichwa. Baa za Ngamiani zinajaa hadi viti vinaazimwa kwa majirani. Mimi bia sikuionja (baba angenichinja), ila dirishani nilisimama sana kuzisikiliza bendi zetu, Atomic na Jamhuri Jazz, na watu wazima wakishikana mashati kubishania nani mkali. Wapenzi wa taarabu walikuwa na kikundi chao, Black Star. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, na wenye baa wakalijua hilo kabla ya magazeti.

Sasa mkitujia wazee, msituulize kama palikuwa pazuri. Tutasema ndiyo, kwani tulikuwa na miaka ishirini. Tuulizeni ufunguo alikuwa nao nani. Tuulizeni nani hakuruhusiwa kuingia, maana ng'ambo ya reli zilikuwapo kilabu ambazo baba yangu alizijua kwa mlango wa jikoni tu. Ulizeni na mwaka. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Kuna aliyenyang'anywa jasho la babu yake siku ile, na kuna aliyelala mjini kwa mara ya kwanza. Msimsikilize mmoja mkamwacha mwenzake. Miaka ya foleni za RTC, duka la serikali, mtasimuliwa na mama zenu. Wao ndio waliofulia majani ya mpapai sabuni ilipoadimika.

Na andikeni vitu vidogo: bei ya kibiriti, jina la utani la baa, harufu ya duka la viungo mvua ikinyesha. Majengo mengine bado yamesimama, mtayapiga picha hata kesho. Wanaokumbuka ndani yake kulikuwa na nini, sisi, hatuna kesho nyingi.

Duka ninalolikumbuka mimi lilikuwa la Mhindi muuza vitambaa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Alikuwa na daftari refu lenye jalada jekundu, wadeni wote wa mtaa wamo. Asubuhi moja nikatumwa uzi, nikakuta kufuli. Sisi husema waja leo waondoka leo. Yeye aliondoka kweli, bila kuaga. Tulisikia wamefika Leicester, Uingereza.

Miongoni mwenu wapo wenye ndugu na marafiki huko. Waulizeni, taratibu na kwa adabu, kama daftari lile bado limo kwenye sanduku la mtu. Ukurasa wa baba yangu una shilingi kumi na nne, na pesa ninayo.

Babu yenu, Ngamiani