Jumamosi ni Twenties
Wadau mambo, Jumamosi saa 2 usiku tunaanza Twenties, ile komedi ya TV aliyoitunga Lena Waithe, iliyotoka chaneli ya BET ya Marekani 2020, inamhusu Hattie, dada mweusi wa Los Angeles anayetaka kuandika skripti ila mwanzo tu tunamkuta katimuliwa kwenye nyumba, kodi hana, maneno anayo kibao 😂 Msimu wa kwanza ni episodi 8 fupi fupi so tutapiga nne.

Nyie mnaosema mtakuwa madairekta mtazameni vizuri akishaajiriwa kwa prodyuza Ida B., maana ni kutumwatumwa tu mwanzo mwisho, hakuna glama hapo.

Vitafunwa kila mtu na vyake jamani, bisi za mara ya mwisho ziliisha kabla ya taito. Anayekuja athibitishe leo.