Andikeni michezo yenu: barua kwa mabinti wa vikundi vya maigizo, Unguja na Pemba

Wanangu, assalamu alaykum.

Vikundi vyetu vina ada moja inayoniudhi. Mchezo unatungwa mazoezini kwa mdomo, unachezwa mara tatu nne, kikundi kinavunjika, na mchezo unapotea na wenyewe. Binti aliyekuwa akitoa maneno mazuri kuliko wote habaki na kitu. Halafu umri haumngoji mtu. Jukwaani kwetu mwanamke ni mwari, au mke anayeteswa, au mama mkwe, na baina ya mke na mama mkwe ipo miaka chungu nzima ya kukaa nyumbani kungoja kuitwa. Anayeandika hujitungia nafasi yake mwenyewe. Basi andikeni sasa, mkiwa bado mnaitwa.

Sisemi muache kutunga kwa mdomo, maana huko ndiko iliko lugha yetu. Lakini simu iwe inarekodi, iwekwe katikati ya mkeka, si mfukoni mwa mtu, na usiku ule ule mmoja wenu ayanakili yaliyosemwa. Ukingoja kesho utaandika ulivyotamani waseme. Mazoezi ya nusu saa yatajaza kurasa nyingi, na za kubaki ni chache mno. Kateni salamu kwanza. Waigizaji wetu wakiingia huamkiana, wakaulizana hali za wazee na watoto, dakika mbili zimekwenda na hakuna aliyesema anachotaka. Ibaki salamu moja tu, ile ambayo mtu anachelewa kuiitikia. Hapo watazamaji wanajua kuna jambo.

Ukurasa mmoja uliopigwa chapa huchukua kama dakika moja na nusu, kwa sababu watu wetu hucheka na kuwajibu wahusika. Kurasa 40 zinatosha saa nzima; msizidishe. Anzeni saa 2:30 usiku, watu wameshasali isha. Ikifika saa 4 watoto wamelala mapajani na mama zao wanatafuta viatu. Wahusika wawe watano, basi. Kila anayeongezeka ni nauli ya boti ya Mkoani, kwenda na kurudi, na pahala pa kulala.

Kanga nayo huwadanganya waandishi. Mke mkubwa anavaa kanga yenye jina la kumchoma mwenziwe, na mwandishi anaona ameshamaliza kazi. Kuanzia safu ya tatu hakuna anayeyaona maandishi yale, sikwambii usiku na taa moja. Mpeni mtu wa kuyasoma kwa sauti: mtoto anayejifunza kusoma, au yule yule aliyelengwa, asome nusu halafu anyamaze. Watazamaji watamalizia wenyewe, tena kwa kelele. Na mume na mke wasigusane jukwaani. Wazee wenu wamekaa mbele, na fitina ya nyumbani imeshawatoa mazoezini mabinti wengi wenye vipaji. Wapeni kitu cha kupokezana. Mke akiitupa chini kofia ya mumewe, inauma kuliko kofi.

Mkiandika mtu wa Tumbatu au wa Micheweni, msimpe lahaja yake wakati wa kuchekesha tu. Aitumie akikasirika, aitumie akiomba, na mswada asomewe mzawa wa huko kabla ya mazoezi kuanza.

Uwanja wa wazi una taabu zake. Tazameni upepo kabla ya kufunga mapazia. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, jukwaa likae upande wa kusini ili upepo uwapelekee watu sauti. Kaskazi ikiingia, ligeuzeni. Jenereta likae mbali nyuma ya watazamaji, kule upepo unakoelekea, kwa hiyo mtahitaji waya mrefu. Maikrofoni moja ya kupokezana mkononi, bora isiwepo kabisa.

Sasa fedha. Kazi nyingi zinazolipa ni za mashirika: malaria, udhalilishaji, watoto kuacha skuli. Zichukueni bila ya kuona haya. Ila mteja daima anataka daktari au sheha asimame mwishoni ahutubie, na hapo ndipo watu huinuka wakaondoka. Muulizeni mambo matatu anayotaka watu wayakumbuke, myatie vinywani mwa wanaogombana, na moja aliseme mkosaji mwenyewe. Mapatano yawe ya maandishi: maonesho mangapi, nusu ya malipo kabla ya onesho la kwanza, mswada ni wa nani, na video wakirekodi wataionesha wapi na kwa muda gani. Hili la video likiachwa, mtaonekana miaka kwa malipo ya siku moja.

Hakimiliki Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, mbali na ya Bara, na pa kwenda ni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Wazo tupu halilindwi. Mkigombana, mwenye karatasi yenye tarehe ndiye anayesikilizwa. Mkitunga wengi, andikeni majina na mgao siku mswada unapokamilika, kabla haujaingiza hata shilingi, kwani fedha ikishaingia kila mtu anakumbuka kuwa yeye ndiye aliyeanza. Kibali cha BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kiombeni mapema, msingoje wiki ya onesho, na sheha wa pale aarifiwe.

Anayeweza kwenda TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, aende. Asiyeweza abishe hodi redioni. Mchezo wa redio utamfunza kuandika kila kitu kisikike, hata mlango.

Mswada ukiisha, toeni nakala tatu zenye tarehe na saini. Moja ya COSOZA, moja ya kikundi, moja iwe nyumbani kwa mwandishi ndani ya mfuko wa plastiki, juu, mbali na ukuta wenye unyevu na mchwa. Ya simu msiihesabu.

Wasalaam,
Bibi yenu, Ng'ambo