Risala ya Klabu ya Sheria na Mdahalo kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Jaji wa Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora

Mheshimiwa Jaji, Mgeni Rasmi. Mkuu wa Shule. Mwenyekiti wa Bodi. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu katika Wiki hii ya Sheria, na tunakushukuru kwa kuyaacha majalada mezani ukaja kutusikiliza.

Klabu yetu ilianzia chini ya mwembe ulio nyuma ya bwalo, na historia yake haina haja ya kukuchosha. Mafanikio ni makubwa: tulishika nafasi ya pili katika mdahalo uliozikutanisha shule tatu.

Mada yetu ya leo ni namna Jaji anavyobaki huru mbele ya maoni ya umma. Tunafahamu kuwa Ibara ya 107B ya Katiba inazitaka mahakama kuzingatia masharti ya Katiba na sheria tu, na kwamba Jaji haondolewi kazini kwa kelele za watu, bali baada ya tume kuchunguza na kushauri. Tunafahamu pia kuwa mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, alisimamia haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuamua kuwa mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama awezavyo mwanamume, ingawa mila ilisema vingine. Lakini hayo, Mheshimiwa, tumeyapata kwa kusimuliwa. Hukumu yenyewe hakuna miongoni mwetu aliyeisoma.

Klabu nzima ina nakala moja ya Katiba, isiyo na jalada, na ukurasa wenye Ibara ya 107B umefifia kwa kushikwashikwa. Kesi ikitajwa redioni, vijiwe vya bodaboda huwa vimeshamtia mtu hatiani kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa, nasi tunawajibu kwa maoni matupu kama yao. Kwa hiyo tunaomba nakala za Katiba, kompyuta moja yenye intaneti ili tusome hukumu zinazowekwa katika tovuti ya TanzLII, na hasa hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama.

Ombi hili si geni. Waheshimiwa waliotangulia kukikalia kiti hicho walilipokea kwa tabasamu, na mmoja wao akatuagiza tuandae kabisa mahali pa kuweka vitabu. Tuliandaa. Rafu ya mninga iliyochongwa kwa michango ya wazazi ingali katika ofisi ya taaluma, na kwa sasa imebeba mipira na jezi. Hatumlaumu mtu, ila tungefarijika endapo safari hii ahadi itaandikwa, itatiwa tarehe na sahihi, na nakala yake ikabaki kwa Mkuu wa Shule.

Wazazi walikusudia kukukabidhi debe la asali ya Sikonge, lakini kamati ilishauri kuwa haipendezi Jaji kuondoka na zawadi, hivyo litaliwa bwaloni. Tunasihi pia msisitizo wetu usihesabiwe kuwa shinikizo la umma.

Tunaomba kuwasilisha.