Barua kwa mwanangu: Waache hao vifaranga wa korongo

Mwanangu Ouma,

Salamu kutoka nyumbani Busia. Sote tu wazima, isipokuwa mama yako ambaye goti bado linamsumbua asubuhi. Ninakuandikia kwa sababu jana jioni nilimkuta mdogo wako Wandera nyuma ya jiko akitoboa matundu kwenye boksi, na nilipomuuliza akasema wewe umempigia simu na kumwagiza akamate vifaranga wawili wa korongo taji kule kinamasini, awatume Kampala kwa basi la usiku, ili umpelekee bosi wako aliyemaliza kujenga nyumba. Ninakuomba usifanye hivyo. Nitalirudia ombi hili kabla barua haijaisha, nawe univumilie.

Ndege hao ninawatazama tangu walipoanza kukanyaga ndago na kujitengenezea jukwaa katikati ya maji, upande huu wa Mto Sio, si mbali na mwisho wa shamba letu la mpunga. Waliatamia takriban mwezi mmoja, wakipokezana dume na jike, na kwa jinsi wanavyofanana, taji lilelile la rangi ya dhahabu na kifuko kilekile chekundu kooni, mimi na darubini yangu ya jeshi sikuweza hata siku moja kujua zamu ni ya nani. Vifaranga walianguliwa Jumatatu. Jumanne walikuwa wamekwisha kushuka na kuwafuata wazazi wao majanini. Mzazi mmoja hutangulia akipiga miguu chini kama kuruta kwenye kwata, panzi wanaruka kutoka kwenye nyasi, naye anamdaka mmoja, anamweka mbele ya kifaranga, anasubiri. Kifaranga anakosa. Mzazi anamwokota panzi yuleyule na kumweka tena. Leo asubuhi nimehesabu mara nne kwa panzi mmoja, na chai yangu ikapoa.

Usiku ndipo ninapowahurumia zaidi. Jamii hii ya korongo inaweza kulala mtini, jambo ambalo korongo wengine wa ukoo wao hawaliwezi, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinashika tawi. Wawili hawa walikuwa wakilala kwenye mvule wetu, lakini tangu mayai yatagwe mti umebaki mtupu, kwa kuwa vifaranga hawataweza kuruka mpaka wafikishe miezi miwili au mitatu, na wazazi hulala nao humohumo kinamasini penye fisimaji na mbwa wa jirani. Muda huo ambao hawana bawa la kukimbilia ndio ulioona unafaa kumtuma mdogo wako na boksi.

Ninajua utaniambia kwamba watu wengi wanafuga. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu kumkamata ndege huyu bila kibali, na tangu 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ni yeye aliye kwenye bendera yetu tangu 1962, na timu ya taifa unayoivalia jezi hadi kanisani inaitwa kwa jina lake. Sikusomesha mtoto hadi Kampala ili aje kunilazimisha kumweleza haya. Sisemi kwamba sisi wengine tuna mikono safi, kwa maana mfereji wa shamba letu umesogea mbele kidogo kila msimu, na mama yako hukitaja kinamasi kilichobaki kila tunapovuna.

Wandera anadai watakula mahindi yaliyosagwa na kuzoea. Nimewahi kuona kifaranga mmoja akisafirishwa ndani ya kasha la sabuni juu ya lori la jeshi, zawadi ya kumfurahisha afande fulani. Aliishi siku tano, akilia kwa sauti nyembamba hadi askari wa zamu wakalalamika. Aliyelibeba kasha hilo alipewa likizo bila kuulizwa maswali, naam, na ndiyo likizo uliyozaliwa wewe, lakini hayo tuyaache. Hata wanaopona hukatwa mabawa, wakazeeka wakizunguka uani kwa mtu bila mwenzi.

Nilifurahi sana niliposikia unatarajia kufanywa msimamizi wa stoo, na wazee wote hapa senta wameshasikia, pengine zaidi ya walivyotaka. Kazi yako unaijua vizuri. Tangu ukiwa mdogo hesabu zako hazikuwa na mashaka. Ndiyo maana sielewi kwa nini unadhani bosi huyo anahitaji kuonjeshwa kitu. Ikiwa ni lazima usiende mikono mitupu, nimetenga kilo ishirini za mchele mpya, na yule jogoo mwekundu pia unaweza kumchukua, ingawa mama yako hajaambiwa.

Mabati mawili ya jikoni yameng'oka kwa upepo wa wiki iliyopita, na fundi anataka alipwe kabla hajapanda. Mama yako anauliza kama sufuria kubwa mliyoazima Krismasi itarudi, kwa kuwa kuna arusi kwa shangazi yako. Karo ya dada yako nimelipa nusu.

Wandera hukusikiliza wewe kuliko mimi, kwa hiyo mpigie simu mara barua hii ikikufikia, tena uzungumze naye mwenyewe bila kupitia kwa mama yako. Boksi bado liko nyuma ya jiko. Nilitaka kulichoma, lakini mama yako amesema tusubiri kwanza tusikie utasema nini, na mimi kwa siku hizi ninaketi pale mwisho wa shamba mpaka giza linapoingia.

Ni mimi,
Baba yako