Mbolea ya Uporoto si chakula cha usipa

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu majuzi kwamba hatuna haja ya kuhangaikia mbolea inayosombwa na mvua kutoka Uporoto na Rungwe, kwani ikifika Ziwa Nyasa inawanenepesha samaki. Mimi nalima viazi Uporoto na shemeji zangu ni wavuvi Matema, basi neno lake limenigusa kotekote.

Nusu yake ni kweli. Usipa, wale samaki wadogo wa Nyasa, hula vidudu vya majini, vidudu hula mwani, na mwani hauoti bila fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea. Ila ziwa lina ghala lake. Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na kuanzia kama mita 250 kushuka chini hakuna oksijeni. Kinachokufa juu huzama na fosforasi yake, ikalala huko. Kusi likivuma, Mei hadi Agosti, maji ya juu husukumwa na ya chini yenye rutuba hupanda, hasa upande wa kusini wa ziwa. Ndipo zinaposhamiri diatomu, mwani wenye ganda kama la kioo, ambao vidudu wanaufurahia. Hata kungu, yale mawingu ambayo mgeni wa Matema hudhani ni moshi wa moto ziwani, ni inzi wadogo ambao walipokuwa mabuu majini walinenepa kwa vidudu hivyo. (Mama mkwe hunitengea mikate ya kungu kila niendapo. Nakula kwa heshima.)

Mbolea yetu haiji kwa utaratibu huo. Inashuka masika, ndani ya tope. Asimame mtu Daraja la Mungu baada ya mvua kubwa autazame Kiwira: ile rangi ya kahawia ni mashamba yetu. Udongo wetu wa volkano hushika fosforasi kwa nguvu, ndiyo maana viazi vinatudai mbolea nyingi ya fosforasi, ile ya DAP, na ndiyo maana fosforasi haiendi popote bila udongo kuibeba. Hesabu yake inatisha kidogo. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una takribani kilo 10 za fosforasi yenyewe, na kilo moja yatosha kukuza mwani wa kilo 100 hivi, ukiwa mkavu. Mfuko mmoja, tani moja.

Tena si mwani uleule. Fosforasi ikizidi huku naitrojeni haitoshi, wanaoshinda ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kama mwani, kwa sababu wengi wao huchukua naitrojeni hewani wenyewe. Vidudu hawawapendi, na baadhi yao wana sumu. Kwamba fosforasi ndiyo inayoamua lilijaribiwa Kanada mwaka 1973: mwanasayansi wa maziwa David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo kwa pazia, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, wa pili wakaongeza na fosforasi. Ni huo wa pili uliogeuka kijani.

Sisemi Nyasa limeharibika. Ni kubwa mno, na mbali na midomo ya mito maji yake bado maangavu. Lakini maji yake mengi huondoka kwa mvuke, machache tu ndiyo yanayotoka kwa mto Shire, na fosforasi haipai na mvuke. Mabwawa madogo ndiyo yasiyo na subira. Lipo moja kijiji cha jirani, nimeoga humo utotoni. Lilipofunikwa utando wa kijani wenyeji waliacha kulima kingoni, na msimu uliofuata utando ukarudi. Watu wakasema ni uchawi. Kumbe oksijeni ikiisha chini, chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi kwenye tope huiachia, bwawa likajirutubisha upya kwa akiba ya zamani.

Kwa hiyo tatizo letu ni udongo kuliko mfuko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za mto, nasi tunapanda viazi hadi majini. Matuta tunayachora kufuata mteremko kwa sababu ni mepesi kulimika, halafu tunashangaa mvua ikiondoka nayo. Msimu huu nimeyageuza yakate mteremko na kupanda majani ya Guatemala kwenye kingo, ambayo ng'ombe wanakula. Vibarua walinidai zaidi, na mnunuzi wa lumbesa hakuniongezea hata shilingi.

Ombi langu ni moja. Tunapopanga foleni ya mbolea ya ruzuku tunaambiwa bei na idadi ya mifuko. Hapohapo, kabla mkulima hajabeba mfuko, aulizwe matuta yake yanaelekea wapi.

Mkulima wa viazi,
Uporoto, Mbeya