Jumamosi: Karura, kung'oa lantana

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tukutane Msitu wa Karura hapa Nairobi, lango la Limuru Road, saa moja na nusu asubuhi, si saa mbili "za Nairobi". Kiingilio kila mtu ajilipie kwa simu.

Kazi ni lantana, kile kichaka cha kigeni kinachovamia msitu. Tafadhali tusikate na panga tu, maana kisiki huchipua tena, tena kwa hasira. Chimba kwa jembe, shika shina chini kabisa, vuta na mizizi. Shina lina vijimiba, kwa hiyo glavu ni lazima. Vichala vyenye matunda meusi visiburutwe njiani. Ndege wanatosha kutusambazia mbegu.

Maji mbebe kwenye chupa za kudumu. Zile za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku msituni tangu Juni 2020.

Tukimaliza, wanaotaka tutashuka hadi maporomoko na mapango ya Mau Mau. Mkiwaona mbega, wale waliohamishiwa hapa kutoka Kipipiri kule Nyandarua, msiwape ndizi hata wakiwatazama kwa huruma.

Mama Njeri, wajukuu waje, ila wavae viatu vya kufunika vidole. Nani ana jembe la ziada? Niambieni kabla ya Ijumaa jioni.