Anime na hiphop sio mambo ya kitoto, mhariri

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Tabata. Nimesoma ile makala ya ukurasa wa burudani wiki iliyopita, iliyosema marapa wanaotajataja anime, zile katuni za Kijapani, kwenye mistari yao ni watu wazima wanaong'ang'ania katuni za watoto, na eti hiphop ya mtaani imekufa sababu ya kina Goku, yule shujaa wa anime ya Dragon Ball Z. Nimeirudia mara mbili nikidhani labda sijaelewa. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo mi nimekua nalo, rap na anime vimeniingia kipindi kimoja na sijawahi kuviona kama vitu viwili.

Tuanze na RZA wa Wu-Tang Clan, lile kundi la hiphop la New York, huyo sidhani kama kuna mtu atamwita mtoto. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1993, na Staten Island kule New York waliibatiza Shaolin kwa sababu ya kung fu walizokuwa wanaenda kuangalia sinema, kama tu sisi tulivyokuwa tunabanana kwenye mabanda ya video tukisubiri mtafsiri aanze. Sasa huyo huyo RZA, kwenye kitabu chake The Wu-Tang Manual cha 2005, anasema Dragon Ball Z ni safari ya mtu mweusi wa Marekani. Ukisikia juu juu unaweza kucheka, lakini hebu ifuatilie stori yenyewe: Goku kaletwa duniani kichanga kutoka sayari nyingine, kagonga kichwa kasahau katokea wapi, jina la kwao ni Kakarot na yeye hata halijui, kakua na jina alilopewa na mzee aliyemuokota, nguvu anazo ila hajui kazitoa wapi, mpaka kawa mtu mzima ana mke na mtoto ndo kaka yake anatokea anamwambia wewe ni Msaiyan bwana, mtu wa sayari ile nyingine. Mtu ambaye mababu zake walipakiwa melini wakafika ng'ambo wakapachikwa majina ya waliowanunua, akiangalia hiyo anaona katuni? Anajiona mwenyewe.

Na Dragon Ball Z ilianza kupita Toonami, kipindi cha katuni cha televisheni kule Marekani, 1998, mida ya watoto kutoka shule, kwahiyo wale waliokuwa wanatupa begi na kuwasha tivi ndo wamekuja kushika maiki baadaye, kina Lil Uzi Vert, kina Denzel Curry. Megan Thee Stallion kwenye albamu yake ya 2024 ana wimbo mzima unaitwa Otaku Hot Girl, na otaku ni Kijapani, mtu aliyezama kwenye hivi vitu. Kanye naye video yake ya Stronger ya 2007 imechota waziwazi kutoka Akira, filamu ya anime ya 1988. Wako wengi.

Ila kilichoniuma zaidi kwenye ile makala ni kuandika kana kwamba marapa ndo wanaokopa tu kwa Wajapani. Sio kweli kabisa! 2004 muongozaji wa Kijapani Shinichiro Watanabe alitoa anime ya Samurai Champloo, samurai wa enzi za Edo, Japani ya zamani, mapanga na kimono, lakini katikati ya matukio unasikia santuri inakwaruzwa na dijei, na yule Mugen, mmoja wa wahusika wakuu, akipigana utadhani anacheza breakdance. Muziki akawapa maprodyuza wa hiphop, mmoja wao Fat Jon, Mmarekani wa Cincinnati, na mwingine Nujabes. Nujabes jina lake ni Jun Seba, ukitanguliza la ukoo kama wanavyofanya kwao, Seba Jun, halafu ukalisoma kinyumenyume unapata Nujabes. Alikuwa na duka la santuri pale Shibuya, Tokyo. Kazaliwa tarehe 7 Februari 1974, na J Dilla, prodyuza wa hiphop wa Detroit, Marekani, kazaliwa siku hiyo hiyo mwaka huo huo, yaani nikikumbuka hilo mwili unasisimka mpaka leo, watu wawili wasiokaa hata bara moja, wote wanachambua jazi za zamani wanazigeuza biti. Dilla kafariki 2006 ana miaka 32. Nujabes ajali ya gari Tokyo, Februari 2010, ana 36.

Mi Nujabes nilimjua baada ya kuwa ameshakufa. Jamaa wa stesheneri alinijazia flashi, episodi 26 za Samurai Champloo, nikazimaliza wikiendi moja, maandishi ya chini nayasoma kwa shida lakini wimbo wa mwanzo siuruki hata mara moja.

Sasa hivi mdogo wangu anajiandaa na mtihani wa fomu foo, usiku anaweka zile biti za taratibu za YouTube, zenye yule binti wa katuni kavaa hedifoni anaandika kwenye daftari. Nikamuuliza unajua huu mtindo umetokea wapi, hajui. Nikamwekea Nujabes, akaacha kuandika kabisa, akaniuliza mbona huyu hatajwi popote.

Mhariri, ukurasa wenu wa burudani mlitoa nusu nzima kuwasema hawa watu. Naomba Februari ijayo mtoe hata robo tu, muandike habari za Nujabes na Dilla, mdogo wangu aisome.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tabata, Dar es Salaam